Quantum of Solace au Spectre: ukiwa na usiku mmoja, uangalie ipi?

Daniel Craig alicheza James Bond mara tano: Casino Royale (2006), Quantum of Solace (2008), Skyfall (2012), Spectre (2015) na No Time to Die (2021). Ya kwanza na ya tatu hazina ugomvi mkubwa. Ya mwisho watu hubishana zaidi kuhusu inavyomalizika. Zinabaki mbili ambazo mashabiki huzitia kapu moja na kuziita miendelezo iliyowaangusha, na anayetaka kupitia mfululizo wote hufika hapo akauliza: niruke ipi?

Kapu si moja. Quantum ina mifupa mizima na ngozi iliyochanika. Spectre ngozi yake inang'aa, ila uti wa mgongo ndio uliopinda. Mtu anayekerwa na vurugu za kamera atateseka na ya kwanza na kuivumilia ya pili. Anayekerwa na hadithi isiyoshikika, kinyume chake. Katika kulinganisha tutafichua mambo ya filamu nne za mwanzo. Mwisho wa ya tano hatuugusi.

Tuanze na saa ya ukutani. Quantum ina dakika 106, na hakuna filamu katika mfululizo rasmi wa Bond iliyo fupi kuliko hiyo. Spectre ina dakika 148. Zote tano pamoja ni dakika 704, yaani saa 11 na dakika 44. Ukiruka Quantum zinabaki 598, ukiruka Spectre zinabaki 556. Kwa hesabu ya muda pekee, Spectre ndiyo ya kurukwa. Hesabu hiyo ina mtego, nao tutaufikia.

Fedha haikuwa tatizo la yoyote. Quantum ilikusanya karibu dola milioni 590 duniani, Spectre karibu milioni 880. Watu walinunua tiketi, wakatoka ukumbini wamenuna.

Quantum: kamera ziliwaka, mwandishi hayupo

Mswada wa Quantum uliandikwa na Paul Haggis, Neal Purvis na Robert Wade. Haggis alikabidhi toleo lake saa chache kabla ya mgomo wa waandishi wa Hollywood kuanza, tarehe 5 Novemba 2007. Mgomo uliisha 12 Februari 2008, na upigaji picha ulikuwa umeshaanza Januari. Kwa hiyo wiki za mwanzo zilipigwa wakati waandishi wa chama wameweka kalamu chini, na mswada uliokuwepo haukuwa umekamilika. Craig alikuja kueleza hadharani kwamba walikuwa na mifupa mitupu ya hadithi, na kwamba yeye na mwongozaji Marc Forster walikaa wakiandika upya baadhi ya matukio, ilhali yeye si mwandishi. Tarehe ya kutoka haikusogezwa kiasi cha kuwaokoa: kamera zilizimwa Juni, na onyesho la kwanza London likafanyika 29 Oktoba.

Ukilijua hilo unaanza kuona mishono. Bond anatoka Siena kwenda London, Port-au-Prince, Bregenz, Talamone, La Paz, jangwani, kisha Kazan. Kila safari ina sababu, lakini sababu yenyewe hutamkwa kwa sentensi moja, tena na mtu anayetembea. Noti zilizotiwa alama zinampeleka Haiti kwa mtu aitwaye Slate. Slate anakufa kabla hajasema lolote. Mkoba wake unamfanya mwanamke aitwaye Camille amdhanie Bond ni mtu mwingine, na Camille ndiye anayemfikisha kwa Dominic Greene, adui wa filamu hii. Ukiinuka kwenda kuongeza chai hapo, ukirudi hujui tuko nchi gani.

Kisha kuna uhariri, na hapa ndipo lawama nyingi zinapostahili. Kikosi cha pili, kile kinachopiga mbio na mapigano, kiliongozwa na Dan Bradley, aliyefanya kazi hiyohiyo kwenye The Bourne Supremacy na The Bourne Ultimatum. Mmoja wa wahariri wawili, Richard Pearson, naye alikuwa kwenye Supremacy. Mtindo ukaja nao: kamera inayotikisika na mikato mifupi kama kupepesa macho. Kwa Bourne mtindo ule ulikubali kwa sababu wakati wote unajua anachotaka: mlango ule, jarida lile, ngazi zile. Hapa tunafunguliwa na magari yanayokimbizana kando ya Ziwa Garda. Aston Martin DBS ya Bond ina rangi ya giza, Alfa Romeo 159 zinazomfukuza nazo ni nyeusi, ndani ya handaki, vumbi tele. Jicho halina pa kushika. Dawa ni hii: Aston inang'olewa mlango wa dereva mapema, basi kuanzia hapo fuata gari lisilo na mlango.

Mbio za boti Port-au-Prince hazina dawa. Bond anatupa ndoano ya nanga, boti ya adui inainuka na kupinduka, na ukirudisha nyuma mara tatu bado hutaona vizuri kamba ilinasa wapi. Tendo lilipigwa, ila kipande kinachoeleza tendo hakimo. Hivyo ndivyo mkato mbaya unavyofanya kazi: haukunyimi mshindo, unakunyima sababu yake.

Forster alikuwa na mpango, si kwamba alikurupuka. Alipanga mapigano kwa asili nne: ardhi, maji, hewa na moto. Tena alipenda kufuma matukio mawili kwa pamoja. Mbio za farasi za Palio zinaenda sambamba na kufukuzana juu ya mapaa ya Siena, opera inaenda sambamba na risasi. Palipokubali, pamekubali kweli. Kipande cha Bregenz, kwenye jukwaa la opera lililojengwa juu ya maji ya Ziwa Konstanz, ni kati ya vipande bora vya filamu zote tano za Craig. Wanachama wa kundi la siri wamekaa katikati ya watazamaji wa Tosca wakifanya kikao kwa vifaa vya masikioni. Bond anaingilia mazungumzo yao, wanashtuka na kuinuka mmoja mmoja, naye anawapiga picha. Mr White, mmoja wa wakubwa wa kundi hilo, peke yake anabaki kitini, ametulia. Kwa kipande kile tu filamu inastahili dakika zake.

Greene, anayechezwa na Mathieu Amalric, hana kovu wala mkono wa chuma. Ana taasisi ya kutunza mazingira na tabasamu la mtu wa makongamano. Kila mtu, hata Wamarekani, anadhani anatafuta mafuta jangwani Bolivia. Kumbe amezuia maji kwa mabwawa ya chini ya ardhi ili ayauze kwa serikali atakayoisimika. Wazo hilo lina mizizi: mwaka 2000 watu wa Cochabamba waliingia barabarani kupinga maji yao kukabidhiwa kampuni binafsi na bei kupanda, hadi mkataba ukafutwa. Anayeishi kwa mgao na ndoo hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu huyu ni hatari kuliko mwenye bomu. Tatizo ni kwamba filamu yenyewe haikuamini wazo lake. Kiu tunaonyeshwa kwa kitambo kifupi tu, wanakijiji na bomba lililokauka, kisha mbio zinaendelea. Na mwishoni mtu wa mikutano anapewa shoka apigane na Bond, mapigano ambayo hata mtoto anajua yataishaje.

Kinachobaki ni msiba. Quantum inaanza chini ya saa moja baada ya Casino Royale kuisha, na ndiyo filamu ya kwanza ya Bond kuendeleza moja kwa moja hadithi iliyotangulia. Bond hajamzika moyoni Vesper, mpenzi wake aliyekufa mwishoni mwa Casino Royale. Hilo linamaanisha kwamba filamu hii ikiangaliwa peke yake ni nusu ya kitu. Ikiangaliwa usiku uleule baada ya Casino Royale, ni tendo la mwisho la filamu ndefu nzuri. Jumla ni dakika 250. Ukianza saa moja jioni bila kusimama, umemaliza saa tano na dakika kumi usiku.

Kama huna muda huo, rudia Casino Royale kuanzia wanapofika Venice hadi mwisho, na ukae na mambo matatu kichwani. Mathis, mshirika wa Bond, alishukiwa usaliti, akateswa na upande wake mwenyewe. Vesper alitishwa kupitia mpenzi wake, Mfaransa mwenye asili ya Algeria. Mkufu wa fundo alioupata kwake ndio utakaoonekana tena kwenye theluji ya Kazan. Bila mkufu huo, tukio la mwisho la Quantum ni mtu ameangusha kidani.

(Hadithi yote hii, kwa wanaosahau, inaanzia kwetu: Le Chiffre anapokea fedha za mwasi Obanno kwenye kambi iliyoandikwa Mbale, Uganda. Msitu ule ni Black Park, karibu na studio za Pinewood huko Uingereza.)

Spectre: kila kitu kipo ila sababu

Hapa hakuna anayeweza kulia muda wala fedha. Mwongozaji ni Sam Mendes, aliyetoka kufanya Skyfall, filamu ya kwanza ya Bond kuvuka dola bilioni moja. Hoyte van Hoytema ndiye aliyesimamia picha, nyingi zikipigwa kwa mkanda wa milimita 35. Ufunguzi wa Mexico City, Siku ya Wafu, unaonekana kama shoti moja isiyokatika: barabarani, hotelini, kwenye lifti, chumbani, juu ya paa. Ni vipande kadhaa vilivyoungwa, lakini mishono haionekani. Gwaride lile lilibuniwa kwa ajili ya filamu. Jiji lilianza kufanya la kweli mwaka uliofuata, 2016.

Baada ya hapo filamu inakuwa kama mgeni aliyevaa vizuri asiye na la kusema. Roma, usiku: Aston Martin DB10, gari lililotengenezwa kumi tu kwa ajili ya kazi hii, linafukuzwa na Jaguar C-X75. Barabara tupu. Bond anaongea na Moneypenny, mwenzake wa ofisini, kwa simu huku akiendesha. Kama dereva hana wasiwasi, wewe utoe wapi? Linganisha na ufunguzi wa Quantum: kule huoni kitu lakini unahisi hatari, huku unaona kila kitu na huhisi chochote.

Mfano mkubwa zaidi ni mlipuko wa jangwani Erfoud, Morocco. Zilitumika lita 8,418 za mafuta ya taa na kilo 33 za baruti, ukaingia kwenye kitabu cha Guinness kama mlipuko mkubwa kuliko wote kwenye filamu. Bond na Madeleine, mpenzi wake mpya na binti wa Mr White, wamesimama mbali wakitazama kama watu kwenye fataki za mwaka mpya. Kambi ya adui mkuu wa maisha yake imekwisha kwa risasi kadhaa. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amefungwa kitini, sindano ya mashine ikimtoboa kichwani, tukielezwa kuwa itamfanya asitambue sura za watu. Ikamtoboa, akainuka, akalenga shabaha bila kukosea. Tishio lililotangazwa kisha likasahauliwa ni baya kuliko tishio lisilokuwepo, maana mtazamaji anajifunza kutoamini tishio lijalo.

Ugonjwa wenyewe lakini ni Oberhauser, anayechezwa na Christoph Waltz, ambaye baadaye anajitambulisha kuwa ndiye Blofeld. Jina la kundi la Spectre na la mkuu wake Blofeld yalikuwa ndani ya mgogoro wa haki tangu enzi za Kevin McClory, mmoja wa waliobuni hadithi ya Thunderball, hadi makubaliano ya Novemba 2013. Ndiyo maana kundi la mwaka 2008 liliitwa Quantum. Haki ziliporudi, ikaamuliwa kwamba kila adui wa Craig alikuwa mtu wa Blofeld tangu mwanzo. Kwa Le Chiffre na Greene inaingia, kwa kuwa Mr White alishawaunganisha. Kwa Silva wa Skyfall haiingii kabisa. Yule alikuwa na kisasi chake na M, kisasi cha mtu aliyetelekezwa na bosi wake. Mpe mwajiri nyuma yake na umemnyang'anya uchungu wake.

Juu ya hilo wakaongeza kwamba Blofeld na Bond walilelewa nyumba moja, na ubaya wote wa miaka tisa umetokana na mtoto aliyeona baba yake anampenda yatima kuliko yeye. Dunia nzima inasinyaa mpaka kuwa ugomvi wa nyumbani. Halafu anatamka jina, "Ernst Stavro Blofeld," kwa uzito wa radi, mbele ya Bond ambaye katika filamu hizi hajawahi kulisikia. Mshtuko ule ni wa shabiki wa filamu za miaka ya 1960. Steringi mwenyewe hana cha kushtukia.

Mapenzi nayo yamesukumwa. Vesper alipewa usiku wa kamari, bafu la damu na kipindi cha matibabu kabla neno zito halijatamkwa. Madeleine anamchukia Bond kliniki, wanapanda garimoshi, wanaponea chupuchupu mikononi mwa Hinx, muuaji anayechezwa na Dave Bautista, na muda si muda anamwambia anampenda. Léa Seydoux hana kosa, hakupewa ngazi za kupandia. Pigano lenyewe la garimoshini, hata hivyo, ni zuri kweli. Dave Bautista anasema neno moja tu filamu nzima na bado unamkumbuka kuliko Waltz.

Andrew Scott, anayecheza bosi mpya wa ujasusi, na mpango wake wa kupeleleza dunia tuachane naye. Ni msaliti tangu anapoingia mlangoni.

Mtego wa kuruka

Sasa ule mtego. No Time to Die inasimama juu ya Spectre: Madeleine, Blofeld gerezani, kundi lenyewe. Hata ufunguzi wake unaonyesha tukio ambalo Madeleine analisimulia garimoshini kwenye Spectre, la mtu aliyekuja nyumbani kumuua baba yake na bastola iliyofichwa chini ya sinki. Ukiruka Spectre, filamu ya mwisho itakuchanganya. Ukiruka Quantum hutachanganyikiwa popote. Kaburi la Vesper utalielewa kwa Casino Royale peke yake.

Kwa hiyo anayefuata mfululizo hadi mwisho hana hiari kuhusu Spectre. Hiari yake ni Quantum, na tunasema aiweke, mara tu baada ya Casino Royale, si wiki moja baadaye. Anayetaka filamu moja tu ya usiku huu, na Casino Royale ameshaiona, achukue Quantum. Ambaye hajawahi kuona Bond yoyote wa Craig asianze na yoyote kati ya hizi. Ambaye kizunguzungu humjia kwa kamera ya kutikisika achukue Spectre bila kujuta.

Kuhusu kifaa, kinyume na wengi wanavyodhani, Quantum ilipata nafuu ilipotoka ukumbini. Kwenye skrini kubwa jicho lina eneo pana la kutafuta, na shoti imeshaondoka kabla hujapata. Kwenye televisheni ya inchi 32 hadi 43, ukikaa mita mbili au tatu, picha yote inaingia kwa mtupo mmoja wa macho. Usiipakue kwa ubora wa 360, kwani vumbi, maji na mikato ya haraka hupasuka vigaeigae. 720 ndiyo kiwango cha chini. Spectre inastahimili mtandao hafifu kwa sababu shoti zake ni ndefu na tulivu, lakini kwenye simu utapoteza karibu kila kilicho kizuri ndani yake, na matukio ya giza ya Roma yatakuwa weusi mtupu. Kwa zote mbili, ingia kwenye mipangilio ya televisheni uzime ile huduma ya kulainisha mwendo, inayofanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana.

Ukiipata moja kati ya hizi ikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama zinavyoangaliwa kwenye vibanda umiza, Quantum ndiyo inayofaidika, maana msimulizi mzuri atakujazia sababu ambazo mswada haukuzijaza. Ila kipande cha Bregenz kiangalie na sauti yake yenyewe. Kinaishi kwa muziki na ukimya.

Na watoto wakiwa sebuleni: Quantum ina jaribio la ubakaji pale hotelini jangwani, na mwili wa mwanamke uliofunikwa mafuta machafu kitandani. Spectre ina mtu anayetobolewa macho kwa vidole kwenye kikao cha Roma, na ile sindano ya kichwani. Kwenye Spectre rimoti iwe mkononi kuanzia wanapokaa mezani Roma, na tena Bond anapofungwa kitini. Kwenye Quantum, kuanzia jenerali anapoingia chumbani hadi moto unapowaka.